Shikamoo ya Mtani

Kila mwaka ikifika Juni, baridi ya Songea ikishahamia ndani ya nyumba kama mpangaji asiyelipa, mpira ule hunirudia. Hauji usingizini tu. Huja nikiwa nimekaa uani na kikombe cha chai mkononi, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro mpaka kwenye bati la jirani, na macho yangu yako wazi kabisa. Nauona unatoka kwenye raketi ya Evaline. Unapanda polepole, unapita juu ya wavu bila haraka yoyote, unajizungusha mpaka naona manyoya yake yaliyochakaa, kisha unaanza kushuka upande wangu wa kushoto. Hapo hupiga funda kubwa la chai niunguze ulimi, maana sitaki kuuona ukitua. Ulipotua napajua, na nimepajua kwa miaka thelathini.

Mimi ni Lidwina Ngonyani. Nilikuwa bingwa wa taifa wa tenisi kwa wanawake mara tano, na kama hujawahi kunisikia sikulaumu, kwa sababu katika nchi hii ukitaka kusikika ucheze mpira wa miguu. Hapa Majengo wananijua zaidi kwa kufunga nyuzi za raketi, na kwa mdomo wangu. Watoto wa klabu huniita Bibi Bingwa. Jina hilo silipendi, ila siku wakisahau kuniita hivyo nanuna mpaka jioni.

Baba yangu, mzee Mathias, alikuwa mtunza uwanja wa klabu ya watumishi. Uwanja aliutengeneza yeye mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, aliousomba kwa toroli, akauponda, akaumwagilia, akausawazisha kwa pipa lililojazwa zege. Pipa hilo alilivuta kwa kamba begani kila jioni, akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka jua linazama na mistari ya chokaa inabaki inaelea peke yake gizani. Nikiwa mtoto nilidhani mistari ile haikuandikwa na mtu. Nilidhani iko chini ya udongo siku zote, na kazi ya baba ni kuifukua.

Nilijifunzia kwenye ukuta wa stoo, kwa raketi ya mbao iliyopasuka. Raketi ilikuwa ya injinia mmoja, Bwana Ramson, aliyehamishiwa huku kutoka Moshi na kukaa miaka minne akilalamikia umbali. Alinikuta nikigonga ukuta, akaniingiza uwanjani kwa vile hakuwa na mtu wa kucheza naye. Baada ya mwaka mmoja aliacha kucheza na mimi kwa sababu nilikuwa namfunga mbele ya mke wake. Hata hivyo ni yeye aliyeandika barua ya kunipeleka kwenye mashindano ya kanda kule Iringa, na ndiko nilikokutana na Evaline Chavala.

Nilikuwa na miaka ishirini, yeye ishirini na miwili. Tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Aliniuliza jina, nikamwambia. Aliposikia Ngonyani alinyoosha mkono, akachukua sahani yangu, akaenda kukaa na kuanza kula nyama zangu. Alisema huku anatafuna kwamba babu zangu walikula ng'ombe wa babu zake, kwa hiyo asinione nimesimama hapo kama niliyeonewa. Nilijua palepale kuwa ni Mhehe na kwamba nimepata mtani. Nikamwambia ale taratibu, maana kwao amezoea mbwa, nyama ya ng'ombe itamvuruga tumbo. Alicheka mpaka wali ukampalia, na mimi ndiye niliyempiga mgongoni.

Asiyejua utani wa Mngoni na Mhehe nimweleze kidogo. Mababu zetu walipigana wakachoka, na vita ilipokwisha walibaki na utani. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya padri, akachukua kuku wako, akakuzuia mlangoni siku ya harusi yako. Msibani ndiye anayeigiza marehemu watu wacheke katikati ya machozi. Sheria ni moja tu: hukasiriki. Lolote atakalosema mtani ni utani, na lolote utakalomjibu ni utani. Nilipokuwa msichana niliona ni mpango mzuri mno. Sikuona kwamba una mlango mmoja tu, wa kuingilia.

Miaka minne baadaye tulikutana fainali, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Bingwa angepelekwa Harare miezi sita kufundishwa na watu wanaojua. Tulikuwa seti ya tatu, yeye amebakiza pointi moja tu awe bingwa wa taifa. Jua la saa kumi lilikuwa usoni kwa mwamuzi, na waamuzi wa mistari siku hiyo hawakuwepo. Tukapigiana mipira mingi, sijui mingapi, mpaka nikasahau kuwa ni mashindano. Nilisikia tu pumzi zetu na ule mlio wa nyuzi. Kisha akaupiga ule.

Ulitua juu ya mstari. Nusu ya mpira kwenye chokaa, nusu kwenye udongo, na vumbi jeupe likaruka kidogo. Mwamuzi hakuona. Alikinga macho kwa mkono akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, ndani au nje. Nikanyanyua kidole. Nje. Halafu nikatembea kurudi nyuma kuchukua mpira mwingine, na nilipopita pale nilikanyaga alama nikaiburuza kwa kiatu. Sikupanga. Mguu ulipanga wenyewe, na mimi nikauacha.

Nilishinda seti ile saba kwa tano. Evaline alikuja wavuni, akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Mngoni umeniibia." Nilidhani ameona. Kisha nikaona anacheka, nikaelewa kuwa ni utani, nikacheka na mimi. Nimekuwa nikicheka hivyo tangu siku hiyo.

Nikaenda Harare. Huko walinibadilisha namna ya kusimama, namna ya kushika raketi, hata namna ya kulala. Niliporudi hakuna mwanamke nchini aliyeweza kunifunga kwa miaka minne. Nikacheza Nairobi, nikacheza Lusaka, picha yangu ikatoka gazetini nikiwa nimeshika kombe kubwa kuliko kichwa changu. Evaline alinifuata fainali mbili zaidi, nikamfunga zote mbili, tena vibaya. Kisha akaolewa, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao, akaacha. Kila Krismasi alinipigia simu kuuliza kama mwizi wake bado yuko hai.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye msiba wa baba. Evaline alisafiri kutoka Iringa bila kuitwa, akaingia uani kwetu, akafunga kinu kwa kamba, akakivuta kuzunguka turubai akiwa ameinama na kukoroma vilevile kama mzee Mathias na pipa lake. Mama yangu, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alicheka akaomba uji. Nilimpenda Evaline siku ile kuliko ndugu yeyote wa tumbo moja. Nikamvuta pembeni mchana huo nikamwambia kwamba ule mpira wa fainali ulikuwa ndani, mimi niliuona. Aligeuka akawatangazia waombolezaji wote kwamba Mngoni amekiri wizi kwenye msiba wa baba yake, wamshuhudie. Watu walicheka. Na mimi nikacheka.

Mwaka huu, Mei, Mwalimu Judica alikuja kwangu na habari njema. Judica anafundisha sekondari hapa mjini, ni Mpare, na ndiye katibu wa klabu. Alisema uwanja wa baba umekarabatiwa, ukuta mpya umejengwa, na kamati imeamua jina langu liandikwe juu yake: Uwanja wa Bingwa Lidwina Ngonyani. Sherehe ingekuwa Jumamosi ya mwisho wa Juni. Nikamwambia wasiandike. Akaona ni unyenyekevu, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kunituhumu nacho. Kisha akaniambia kwamba ameshampigia simu mama mmoja wa Iringa aliyekuwa mshindani wangu mkubwa, aje aseme maneno mawili, na kwamba mama huyo alinitukana kwenye simu dakika tano nzima kabla ya kukubali. Judica alikuwa na wasiwasi. Alisema kwao Upareni wana watani pia, lakini huyu wangu amezidi.

Kuanzia siku hiyo mpira ukawa unanijia asubuhi, mchana na jioni. Niliuona nikifunga nyuzi za raketi za watoto. Niliuona kanisani, unapita juu ya kichwa cha padri, mweupe, hauna haraka. Nilijua ninachotaka, na kilikuwa kimoja tu: kabla jina halijafunuliwa ukutani, Evaline ajue, na aniamini. Nilijua pia kwamba akiniamini huenda nikampoteza. Mume sina, mtoto sina, ninaye mtu mmoja duniani anayeniita mwizi kwa mapenzi. Nilipiga moyo konde, nikasubiri Alhamisi, siku ya kufika kwake.

Alhamisi nilimpokea stendi. Alishuka kwenye basi taratibu, goti lake la kulia limeharibika, akasimama kwenye ngazi akawaonya abiria wenzake washike vizuri mizigo yao, Mngoni wake amekuja kumpokea. Watu wa stendi wakafurahi. Tulipofika nyumbani alifunua masufuria yangu yote, akauliza panya wako wapi maana yeye amekuja kula chakula cha Wangoni, akachukua kitanda changu, akavaa sweta langu la sufu bila kuuliza. Nilimwambia afadhali alivae, litaondoa harufu ya pombe yao ya ulanzi. Nyumba yangu ilikuwa imekaa kimya tangu mama afariki, na sasa kila chumba kilikuwa na sauti.

Tulipokuwa tunakula ugali nilijaribu. Nilisema, bila kucheka, kwamba ule mpira ulikuwa ndani.

"Najua," akasema, akichota mboga. "Hata ng'ombe wetu walikuwa ndani ya zizi mlipowachukua."

Nikasema tena. Akasema tena kitu kingine, kizuri zaidi, mpaka nikacheka kweli. Niliona kwamba nikisema mara mia, atakuwa na majibu mia. Nililala kwenye kochi nikimsikia anakoroma kitandani kwangu, nikawaza nitatokaje. Neno gani ambalo Mngoni hawezi kumwambia Mhehe kwa utani? Matusi yote yamo ndani ya utani. Shutuma zimo, vitisho vimo, hata machozi yamo. Nilipitia maneno yote ninayoyajua, moja baada ya jingine, mpaka usingizi ukanichukua, na ndani ya usingizi nilikuwa nimesimama uwanjani pa baba, ukungu kila upande, mtu ananijia kutoka ng'ambo ya wavu, nami sijui nimsalimie vipi.

Nilipoamka nilikuwa nimeshajua.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mti wa parachichi wa jirani hauonekani. Evaline alikuwa uani, kwenye kigoda changu, ndani ya sweta langu, anakunywa chai yangu. Nilitoka nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kwenye sementi yenye maji, nikashusha macho.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Alicheka. Akangoja mwisho wa mzaha ufike. Mimi sikunyanyuka. Kuku walikuwa wanaparura karibu na ngazi, maji ya ukungu yanadondoka kutoka kwenye bati, tone, tone. Katika miaka thelathini na minne hatujawahi kusalimiana hivyo, kwa sababu mtani hapewi shikamoo. Shikamoo ni ya mtu unayemheshimu na kumwogopa kidogo.

"Lidwina, inuka, utapata baridi yabisi."

"Shikamoo, dada Evaline."

Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alitua kikombe chini. Alinitazama kwa muda mrefu, akiutafuta utani kwenye uso wangu, akiukosa, akiutafuta tena. Nilimwona anaogopa. Nadhani alishajua ni kitu gani, kwa sababu hakuna kitu kingine kati yetu.

"Marahaba," akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mwalimu, mama wa watu.

Nikamwambia yote. Mstari, vumbi la chokaa, mwamuzi, kidole. Nikamwambia kuhusu alama na kiatu. Sikumwambia kwamba nilikuwa kijana, wala kwamba mwamuzi hakupaswa kuniuliza, ingawa hayo yote nilikuwa nimeyaandaa.

Aliitazama chai yake mpaka ikaacha kutoa mvuke. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwa kiatu gani? Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kulia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakisubiri. "Na Harare?"

"Harare ungeenda wewe."

Alisimama, akishika ukuta kwa sababu ya goti. Akavua sweta, akalikunja mikono ndani, akaliweka juu ya kigoda.

"Asante kwa kuniambia, dada Lidwina," akasema, akaingia ndani.

Siku ile nzima alikuwa mgeni. Aliniomba maji ya kunywa. Aliuliza aoge kwa ndoo ipi. Alihama kitandani kwangu, akakunja shuka vizuri, akasema kochi linamtosha na asingependa kunisumbua. Mchana nilipika likolo, mboga ya majani ya maboga, na samaki wa Nyasa, akala kidogo, akanishukuru kwa chakula. Nilimpa kombe lenyewe la fainali ile, nililitoa kabatini nikaliweka mezani mbele yake. Alilitazama akasema, hapana dada, likae tu hapo lilipozoea. Nilitamani anitukane. Nilitamani aniambie Wangoni wote ni majambazi tangu walipovuka Zambezi. Nilipika, nikafagia, nikafagia tena palipokwisha kufagiliwa, na kila aliponiita dada nilihisi ananifungia mlango polepole, bila kishindo, kama watu wenye adabu wanavyofunga.

Nilichokuwa nimekitaka kwa miaka thelathini nilikuwa nimekipata. Ameniamini.

Jumamosi ukungu ulichelewa kuondoka. Watu walikuja hivyohivyo, na kutoka kwenye kiti changu niliwaona wanatokea mmoja mmoja weupeni, kwanza kofia, kisha mabega, kisha miguu. Viti vilijaa. Ukuta mpya ulikuwa umefunikwa kitambaa cha bluu, na Judica amesimama kando yake ameshika kamba, amevaa suti. Mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Bashiru, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo aliyekuja kutoka Tanga, alisoma maisha yangu kwenye karatasi. Yalisikika marefu na safi. Mara tano bingwa. Harare. Nairobi. Lusaka. Nilisikia kama anasoma habari za mwanamke mwingine, ambaye ningependa kukutana naye.

Kisha akamwita Evaline, akawakumbusha watu kuwa mama huyu ni Mhehe, kwa hiyo wajiandae. Wazee wa mbele walikaa sawa kwenye viti vyao. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya hilo. Mhehe kumtukana Mngoni hadharani, kwa kipaza sauti, ni jambo ambalo mtu anaamka mapema kulisikiliza.

Evaline alisema kwamba ni heshima kubwa kwake kualikwa. Alisema dada Lidwina alikuwa mchezaji hodari, mwenye bidii, na kwamba vijana waige mfano wake. Aliishukuru kamati. Akakaa. Watu walipiga makofi mepesi. Nilimsikia mzee Thadei, aliyekuwa akifanya kazi na baba, akimwuliza jirani yake kama hawa wawili wamegombana.

Judica alishika kamba kwa mikono miwili. Hapo nilisimama nikaomba kipaza sauti.

Nikawaambia. Nilisema kwamba ubingwa wangu wa kwanza haukuwa wangu. Nilisema mpira wa mwisho wa Evaline Chavala ulitua juu ya mstari, mimi niliuona, nikasema nje, nikafuta alama. Nilisema neno kwa neno, kwa sauti iliyotulia.

Kisha mzee Thadei akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye. Hatimaye utani waliokuja kuusikia ulikuwa umefika, umechelewa tu kwa sababu ya baridi. Bashiru alijishika tumbo. Nikasema siwatanii. Wakacheka zaidi. Nikasema tena, na mama mmoja akapaza kwamba Mngoni huyu angefaa kuigiza kwenye televisheni. Nilisimama pale nimeshika ukweli wangu mkononi, na hakuna hata mtu mmoja wa kunipokea.

Isipokuwa mmoja, ambaye hakucheka. Evaline alikuwa ameketi wima, mikono juu ya pochi, ananitazama. Nilijua angeweza kuniacha hivyo. Angekaa tu kimya, watu wacheke mpaka waishe, kamba ivutwe, na mimi niishi chini ya jina lile hadi kufa, nikiwa nimekiri mbele ya mji mzima na bado naitwa bingwa mcheshi. Isingekuwa kosa lake. Sidhani kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Akasimama. Akaja akichechemea, akakinyakua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Nyamazeni," akasema. Ilikuwa ile sauti ya darasani, na wazee wenye mvi walinyamaza. "Huyu hatanii. Mpira ulikuwa ndani. Ubingwa ule ulikuwa wangu, na Harare ilikuwa nafasi yangu."

Ukungu ulikuwa umeanza kuachia, na chokaa ya mistari iling'aa mpaka ikaumiza macho. Hakuna aliyecheka. Watu walinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyefumaniwa, na nilistahili. Judica aliiacha kamba ikaning'inia. Nilihisi kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu nikiwa na miaka ishirini na minne kinateremka, na nafasi kiliyoiacha ilikuwa baridi. Nilianza kuondoka. Nilifikiri ndiyo mwisho, na kwamba ni mwisho wa haki.

Evaline alinishika mkono wa gauni.

"Vuta kamba, mwalimu," akamwambia Judica. "Mara nne zilizobaki alishinda kweli. Mbili kati ya hizo nilikuwa upande wa pili, mimi ndiye niliyefungwa." Akavuta pumzi. "Ila kwenye ukuta muandike nne. Hawa Wangoni usipowahesabia watakuandikia sita."

Nadhani ilichukua muda watu kujua kama wanaruhusiwa. Alianza mzee Thadei, kwa mbali, kwa kikohozi. Kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha kwanza. Kilikuwa cha chini, cha watu waliosikia kila kitu.

Akarudisha kipaza sauti kwa Bashiru, akaketi kwenye kiti changu, akaniacha nimesimama. Hakuwa amenisamehe, hilo nililiona wazi, na sijui kama atamaliza kunisamehe kabla hatujafa. Kitambaa cha bluu kilianguka. Katikati ya makofi alinivuta nikainama, akasema sikioni mwangu bila kunitazama.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya basi langu, tunaurudia ule mpira hapahapa. Mimi nimebakiza pointi moja. Na ukinipa shikamoo tena, mwizi wewe, nakuchapa raketi mbele ya hao watoto wako."

Nilitaka kumjibu kwamba kwa goti lile hata wavu hataufikia. Nilishindwa, nilikuwa nalia.